Metadata ya faili katika hifadhi ya wingu

Metadata ya faili ni maelezo yanayoambatana na faili iliyohifadhiwa kwenye seva za mbali: ukubwa kwa baiti, tarehe ya kubadilishwa mwisho, aina yake, na alama ya utambulisho iitwayo ETag. Programu ya lugha ya C huyapata bila kupakua faili yenyewe, faida isiyo ndogo kwa mtu anayenunua bando mjini Kyela, kusini mwa Tanzania.

Mfano wa faili hizo ni ramani ya miinuko ya Copernicus, iliyo wazi kwa umma katika hifadhi ya Amazon S3 kwa jina copernicus-dem-30m. Kila kipande cha nyuzi 1 kwa 1 huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Mji wa Kyela, bandari ya Itungi na mlango wa mto Songwe vimo katika S10_00_E033_00. Sehemu kubwa ya milima ya Livingstone, mashariki ya longitudo 34, iko katika vipande vya E034_00.

Ili kusoma metadata ya kipande kama hicho kwa maktaba ya C iitwayo libcurl, CURLOPT_NOBODY ikipewa thamani 1L, programu hutuma ombi la HEAD na seva hurudisha mistari ya maelezo tu. Ukubwa husomwa kwa CURLINFO_CONTENT_LENGTH_DOWNLOAD_T. Jibu la -1 maana yake haujulikani. Tarehe, kwa CURLINFO_FILETIME_T, haipatikani CURLOPT_FILETIME isipowashwa kabla ya ombi, na hapo ndipo wanaoanza hukwama. ETag nayo isidhaniwe kuwa MD5 ya faili: ETag ya faili iliyopakiwa kwa mafungu hailingani na MD5 hiyo.