Kipimagesi
Kipimagesi ni kifaa cha kupimia kiasi cha gesi hewani. Hutumika katika migodi ya chini ya ardhi kama ule wa dhahabu wa Bulyanhulu, mkoa wa Shinyanga, Tanzania. Moshi wa baruti na wa injini huleta monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 20.9, vifaa vingi hulia ikishuka chini ya 19.5. Kifaa kikilia, wachimbaji hutoka kwanza. Hitilafu huchunguzwa baadaye, penye hewa safi. Kusoma sifuri ya monoksidi ya kaboni pekee si uthibitisho wa usalama: kihisi kilichokufa pia husoma sifuri. Hivyo kabla ya kuingia mgodini kifaa hujaribiwa kwa gesi ambayo kiasi chake kinajulikana.