Usawa na Mahusiano Mema ya Jamii katika Ireland Kaskazini

Usawa wa fursa na mahusiano mema ni wajibu wa aina mbili unaozibana kisheria taasisi za umma katika Ireland Kaskazini, kuanzia wizara hadi halmashauri za wilaya. Wajibu wa kwanza unazitaka zikuze usawa: kazi, nyumba na huduma zisitolewe kwa kuangalia mtu anasali kanisa gani. Wa pili unazitaka zijenge uelewano kati ya watu wa dini, siasa na rangi tofauti. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani mambo haya mawili ni pacha. Kwa kweli yamegongana mara nyingi, na namna yalivyogongana inaeleza mengi kuhusu nchi yoyote iliyogawanyika.

Chimbuko

Ireland Kaskazini ilizaliwa mwaka 1921, pale kaunti 6 za kisiwa cha Ireland zilipobakizwa chini ya Uingereza. Waprotestanti walio wengi walitaka kubaki katika muungano na Uingereza. Wakatoliki, waliokuwa kama theluthi moja ya watu, wengi wao walitaka kisiwa kizima kiwe nchi moja. Chama cha Waprotestanti, Ulster Unionist, kilitawala mfululizo hadi mwaka 1972, serikali ya London ilipochukua madaraka moja kwa moja.

Dhuluma iliyouma zaidi ilikuwa ya nyumba. Katika uchaguzi wa halmashauri, aliyepiga kura ni mwenye nyumba au mpangaji wake mkuu pamoja na mwenzi wake. Mtoto mtu mzima anayeishi kwa wazazi hakuwa na kura, wala mpangaji wa chumba. Kwa hiyo halmashauri ilipompa mtu nyumba ilikuwa inampa kura, na ilipomnyima nyumba ilimnyima vyote viwili. Mjini Derry Wakatoliki walikuwa wengi, lakini mipaka ya kata ilichorwa hivi kwamba madiwani wengi walikuwa wa upande wa pili.

Mwezi Juni 1968, katika kijiji cha Caledon, kaunti ya Tyrone, halmashauri ilimgawia nyumba mpya msichana Mprotestanti wa miaka 19 ambaye hakuwa ameolewa, huku familia za Kikatoliki zenye watoto zikisubiri. Siku chache kabla, familia moja ya Kikatoliki ilikuwa imetolewa kwa nguvu katika nyumba ya jirani. Mbunge Austin Currie aliingia ndani ya nyumba ya msichana yule akakataa kutoka hadi polisi walipomburuta nje. Miezi miwili baadaye watu waliandamana kutoka Coalisland hadi Dungannon, na Oktoba 5 polisi wakawapiga virungu waandamanaji mjini Derry mbele ya kamera. Vita vilivyofuata viliua watu zaidi ya 3,500 katika miaka 30.

Dawa mbili

Serikali ilijaribu dawa mbili tangu mwanzo. Mwaka 1969 iliunda Tume ya Mahusiano ya Jamii, kwa imani kwamba watu wakikutana na kuzungumza, chuki itapungua. Tume hiyo ilivunjwa katikati ya miaka ya 1970, wakati mabomu yakilipuka. Dawa ya pili ilikuwa kurekebisha mfumo wenyewe. Mwaka 1971 ugawaji wa nyumba za umma ulianza kuondolewa mikononi mwa halmashauri na kukabidhiwa chombo kimoja, Housing Executive, chenye kugawa kwa pointi za uhitaji. Sheria ya ajira ya haki ikafuata mwaka 1976, lakini haikuwa na meno. Kufikia miaka ya 1980 ukosefu wa kazi kwa wanaume Wakatoliki ulikuwa bado zaidi ya mara mbili ya ule wa Waprotestanti.

Msukumo wa kuipa sheria meno ulitoka Marekani. Mwaka 1984 ilitangazwa misingi 9 ya ajira ya haki iliyopewa jina la Seán MacBride, mshindi wa Nobel ya Amani ya 1974, ambaye Waafrika walimfahamu kama Kamishna wa Umoja wa Mataifa wa Namibia. Majimbo na miji ya Marekani iliyokuwa na hisa katika makampuni yenye viwanda Ireland Kaskazini ilianza kuyabana yaifuate. Sheria mpya ya 1989 ikalazimisha waajiri kuhesabu wafanyakazi wao kwa jamii walizotoka.

Hesabu hiyo ipo hadi leo. Anayeomba kazi Belfast, mji mkuu, hupewa fomu inayomuuliza kama ametoka jamii ya Kiprotestanti, ya Kikatoliki, au hakuna kati ya hizo. Haiulizi kama anasali. Akiiacha wazi, mwajiri anaruhusiwa kukisia kutokana na mambo mengine aliyoyaandika, kwa mfano shule ya msingi aliyosoma, kwa kuwa shule nyingi ni za upande mmoja. Wapo wanaochukizwa na fomu hii, wakisema inawagandisha watu katika makundi yaleyale yanayotakiwa kufa. Lakini bila kuhesabu, ubaguzi hauonekani, na usioonekana hautibiki. Pengo la ajira limepungua sana, na fomu hiyo ina sehemu yake katika mafanikio hayo.

Dawa ya kukutanisha watu nayo ilirudi. Shule ya kwanza ya mchanganyiko, Lagan College, ilifunguliwa mwaka 1981 ikiwa na wanafunzi 28, kwa jitihada za wazazi wenyewe. Baraza la Mahusiano ya Jamii liliundwa mwaka 1990. Fedha zilimiminwa katika safari za pamoja za vijana, na wakosoaji wakauliza: mtoto anayerudi jioni nyuma ya ukuta unaotenganisha mitaa ya jamii hizo mbili, katika mtaa usio na kazi, amebadilishiwa nini? Mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Allport alikwisha kuandika mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale wanaokutana wanapokuwa na hadhi sawa. Watu wengi walikumbuka neno kukutana wakasahau hadhi.

Kifungu cha 75

Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 10, 1998 ulileta dawa zote mbili katika sheria moja. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Ireland Kaskazini ya 1998 kinaitaka taasisi ya umma izingatie ipasavyo haja ya kukuza usawa wa fursa, na kinataja misingi 9: dini, msimamo wa kisiasa, rangi, umri, ndoa, mwelekeo wa kijinsia, jinsia, ulemavu, na kuwa na wategemezi. Kisha, bila kuathiri wajibu huo, kinaitaka itilie maanani kufaa kwa kukuza mahusiano mema kati ya watu wa dini, siasa na rangi tofauti. Usawa ni haja. Mahusiano ni jambo linalofaa. Mpangilio huo uliwekwa makusudi, na ni wa haki: mtu aliyenyimwa nyumba hawezi kuambiwa asubiri mpaka jirani yake atakapoacha kuudhika.

Tatizo ni kwamba mpangilio umepinduliwa mara kwa mara katika utendaji. Kaskazini mwa Belfast kuna kambi ya zamani ya jeshi, Girdwood. Waliosubiri nyumba eneo hilo wengi walikuwa Wakatoliki, na wanasiasa wa muungano waliogopa mtaa ungebadilika sura. Baada ya miaka ya mabishano, mwaka 2016 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha jamii na michezo. Kituo ni kizuri, lakini familia iliyokuwa ikisubiri nyumba haikupata nyumba kwa kujengewa kituo. Vibao vya majina ya mitaa kwa lugha ya Kiayalandi vimepingwa vivyo hivyo kwa hoja kwamba vitaharibu mahusiano, hata pale wakazi walipovitaka. Halmashauri ya Belfast iliamua mwaka 2022 kwamba asilimia 15 ya wakazi wa mtaa wakivikubali inatosha.

Upande wa pili nao una somo. Bendera ya Uingereza ilipepea kila siku juu ya jumba la jiji la Belfast tangu 1906. Desemba 3, 2012 madiwani walipiga kura 29 kwa 21 ipandishwe siku maalumu tu za mwaka. Ilikuwa suluhu ya kati, kwani wazalendo wa Ireland walitaka iondolewe kabisa. Maandamano yalidumu miezi, na polisi zaidi ya 100 walijeruhiwa. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila Waprotestanti maskini wa mashariki mwa Belfast waliusikia kama kunyang'anywa. Housing Executive nayo, kwa uadilifu wake wote wa pointi, imeshindwa kuzuia zaidi ya asilimia 90 ya mitaa ya nyumba za umma Belfast isiwe ya upande mmoja, kwa sababu watu huomba kukaa pale wanapojiona salama.

Jeshi la polisi linaonyesha kwamba mawili haya yaweza kwenda pamoja. Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 ya polisi. Kuanzia 2001 hadi 2011 waajiriwa wapya walichukuliwa nusu kwa nusu, na Wakatoliki wakafikia karibu asilimia 30. Usawa ndio uliofungua mlango wa uhusiano.

Kenya

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Kenya ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Nayo inaipa tume yake jukumu la kukuza usawa wa fursa pamoja na mahusiano mema, na inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Msomaji wa Kenya anayejiuliza lipi litangulie, mahubiri ya amani au hesabu ya theluthi, asome kwa makini historia ya Belfast.

Hali ya sasa

Sensa ya 2021 ilionyesha asilimia 45.7 ya watu wametoka jamii ya Kikatoliki na asilimia 43.5 jamii ya Kiprotestanti; walio wengi wa jana leo si wengi tena, na sheria ya usawa inawalinda wao pia. Mwaka 2013 serikali ya Ireland Kaskazini iliahidi kuondoa kuta zote zinazotenganisha mitaa, ziitwazo kuta za amani, ifikapo 2023. Mwaka huo ulipita. Ukuta kati ya Falls ya Wakatoliki na Shankill ya Waprotestanti, ulioanza kujengwa mwaka 1969, bado umesimama, na lango lake la Lanark Way hufungwa kila usiku.