Umetamikti

Umetamikti ni hali ya fuwele kupoteza mpangilio wa atomi zake hatua kwa hatua kutokana na mnururisho unaotoka ndani yake yenyewe. Hutokea katika madini yenye urani au thori, na pia katika kauri zinazotengenezwa ili kufungia takataka za nyuklia.

Jina hili lilianzishwa na mwanajiolojia Waldemar Christofer Brøgger wa Norwei mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Henri Becquerel kugundua unururifu. Brøgger aliona madini ambayo kwa nje yalikuwa na umbo la fuwele, lakini ndani yalifanana na kioo. Chanzo chake kilieleweka baadaye.

Jinsi inavyotokea

Katika fuwele atomi zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, kama wanafunzi waliosimama mistari kwenye paredi. Kiini cha plutoni-239 kinapovunjika hutoa chembe ya alfa yenye nishati ya elektronivolti milioni 5 hivi, nacho hugeuka kuwa urani-235.

Chembe ya alfa husafiri takriban mikromita 10 hadi 20. Nishati yake nyingi huishia kwenye elektroni, hivyo huhamisha atomi mia moja au mia mbili tu. Kiini kinachobaki husukumwa nyuma, jinsi bunduki inavyorudi nyuma risasi inapotoka. Hakifiki mbali, ni nanomita 30 hadi 40 tu, lakini ni kizito na hugonga atomi nyingi katika nafasi ndogo. Ndicho kinachosababisha sehemu kubwa ya uharibifu.

Chembe ya alfa ikipata elektroni mbili huwa atomi ya heli. Gesi hiyo hukusanyika ndani ya fuwele na inaweza kufanya viputo.

Mbunguo wa beta hauhamishi atomi nyingi, ila hubadilisha elementi. Kwa mfano caesi-137, yenye nusumaisha ya miaka 30 hivi, hugeuka kuwa bari-137. Ioni ya bari ni ndogo kuliko ile ya caesi na chaji yake ni +2 badala ya +1, kwa hiyo haikai vizuri katika nafasi iliyoachwa.

Mifano ya asili

Zirkoni ni madini ya silikati ambayo mara nyingi huwa na urani kidogo. Baada ya mamilioni ya miaka densiti yake inaweza kushuka kutoka gramu 4.7 hadi 3.9 kwa sentimita ya ujazo, maana yake hujaa kwa takriban 20%. Uvimbe huo huleta nyufa ambamo maji hupenya.

Kinyume chake, monaziti huwa na thori nyingi lakini kwa kawaida hubaki fuwele, kwa sababu atomi zake hurudi mahali pake kwa urahisi hata katika halijoto ya chini. Zirkoni huhitaji joto kali ili kurudia hali yake.

Matumizi katika takataka za nyuklia

Nchi kama Ufaransa na Uingereza huyeyusha takataka kali pamoja na kioo cha borosilikati. Mwaka 1978 Ted Ringwood wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Australia alipendekeza njia nyingine iitwayo Synroc, yaani jiwe bandia lenye madini ya titanati. Ndani yake hollanditi hushika caesi, perovskiti hushika stronti, na zirkonoliti hushika urani na plutoni.

Swali kuu ni muda. Nusumaisha ya plutoni-239 ni miaka 24,100. Baada ya nusumaisha kumi, yaani miaka 241,000, bado hubaki sehemu moja katika 1,024. Watafiti hawawezi kungoja hivyo, basi hutia katika kauri isotopi zinazovunjika haraka, kama plutoni-238 (miaka 87.7) au kuri-244 (miaka 18.1), ili uharibifu wa karne nyingi uonekane katika miaka michache.

Mwaka 2007 Ian Farnan na wenzake walipima zirkoni yenye plutoni. Walikuta kwamba kila mbunguo wa alfa huhamisha atomi zipatazo 5,000, kuliko ilivyokadiriwa awali. Walikadiria kuwa zirkoni yenye 10% ya plutoni-239 kwa uzito ingepoteza mpangilio wake wote katika miaka 1,400 hivi.

Kupoteza mpangilio hakumaanishi kuvuja mara moja. Zipo zirkonoliti za asili ambazo zimekuwa metamikti na bado zimeshikilia urani na thori zake kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Hata hivyo zirkoni iliyoharibika huyeyuka katika maji haraka kuliko iliyo nzima. Kwa sababu hiyo utafiti umeelekea pia kwenye fuwele zinazostahimili zaidi, kama zirkonati ya gadolini, ambayo hubaki fuwele chini ya mnururisho unaoharibu kabisa titanati ya gadolini.

Tazama pia

Fuwele, Nusumaisha, Plutoni, Unururifu, Urani