Hima ya Arabuni na Choroa Weupe

Neno "himaya" tulitumialo kila siku, na kitendo "kuhami", asili yake ni mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika mzizi huo huo limo neno "hima", ambalo wengi wetu hatulijui ila wale waliosoma vitabu vya hadithi na fiqhi. (Siyo ile hima yetu ya kuharakisha.) Hima ni ardhi iliyozuiliwa, yaani malisho, miti au maji ambayo yamewekewa mpaka na mlinzi ili yasiguswe ila kwa kipimo na kwa ruhusa. Nilipokuwa kijana chuoni, tulipoufikia mlango huu mwalimu wetu aliusoma na kuupita mbio, maana hapakuwa na mtu miongoni mwetu mwenye ngamia. Nimekuja kuurudia utu uzimani, na nimeona kwamba tuliupita mbio bure.

Kabla ya Uislamu wakubwa wa Waarabu walikuwa na hima zao. Wanazuoni wamesimulia kwamba mkubwa wa kabila akifika mahali penye majani mazuri humpandisha mbwa juu ya kilima akambwekesha, na pale sauti ya mbwa ilipokoma ndipo ulipokuwa mpaka wake. Ndani ya mpaka hulisha yeye peke yake, na nje ya mpaka hulisha pamoja na watu wengine! Bwana Mtume (s.a.w.) aliibatilisha dhulma hii kwa kufundisha kwamba hakuna hima ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wanazuoni wengi wakalifahamu jambo hili kwamba anayehami ardhi ahami kwa maslaha ya watu wote, si kwa tumbo lake. Yeye mwenyewe Mtume alilihami bonde la Naqi', si mbali na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na mji wa Madina aliufanya haram, baina ya majabali ya Ayr na Thawr, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe. Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alimkuta mtumwa akikata miti ndani ya haram hiyo, akamvua vitu alivyokuwa navyo. Mabwana wa mtumwa yule walipokuja kumwomba avirudishe alikataa katakata. Basi mpaka ule ulikuwa na mtu wa kuusimamia.

Lakini habari iliyo tajiri kuliko zote ni ile ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Katika ukhalifa wake Umar alihami ardhi ya Rabadha na Sharaf kwa ajili ya wanyama wa sadaka na wa jihadi. Akamweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, awe msimamizi wa hima, na akampa wasia. Alimwamrisha awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Alimwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao wawili ni masahaba wakubwa, na walikuwa matajiri. Sababu aliyoitoa ni kwamba mifugo ya matajiri ikifa wao watarejea kwenye mitende na mashamba yao, ama maskini, mifugo yake ikiangamia, atakuja kwa Khalifa na watoto wake wakilia njaa, na majani na maji ni rahisi kwa Umar kuliko kutoa dhahabu na fedha. Kisha akakiri jambo ambalo watawala wachache hulikiri. Alisema kwamba wenyeji wanamwona kuwa amewadhulumu, maana ile ni nchi yao, waliipigania zama za Jahiliya na wakasilimu wakiwa juu yake, na lau si wanyama wale asingelihami hata shubiri moja.

Tazama yaliyomo humo. Pana mpaka, pana mlinzi mwenye jina, pana hesabu ya nani aingie na kwa mifugo mingapi, na pana fikira juu ya mwenyeji aliyezuiliwa. Nayaweka mambo haya mbele yako kwa sababu ninataka kukusimulia habari ya hima nyingine, ya zama zetu hizi, katika nchi ya Omani ambayo sisi watu wa pwani tuna udugu nayo.

Hima za kikabila ziliendelea Arabuni kwa karne nyingi, mpaka katika miaka ya 1950 serikali ya Saudia ilipozifungua nyingi ziwe malisho ya wote. Wakati huo huo yaliingia magari yenye kupita jangwani na bunduki zenye kufyatua mfululizo. Mwindaji aliyekuwa akimfuata mnyama kwa ngamia siku tatu, na mara nyingi akarudi mikono mitupu, sasa alimfukuza kwa gari mpaka mnyama akaanguka kwa kuchoka.

Aliyepata msiba mkubwa ni choroa mweupe, ambaye Waarabu humwita maha. Sisi tunamjua ndugu yake wa Kenya ya kaskazini, mwenye rangi ya kijivu. Huyu wa Arabuni ni mdogo zaidi, mweupe mwili mzima isipokuwa miguu na alama za usoni, na pembe zake mbili ndefu zimenyooka. Anaweza kuishi miezi mingi bila ya kunywa maji ya kisima, akitosheka na umande na unyevu wa majani, na mvua ikinyesha mbali huifuata kwa safari ndefu. Makimbilio yake ya mwisho yalikuwa Jiddat al-Harasis, uwanda wa changarawe katikati ya Omani usio na mto wala chemchemi, ambao uhai wake hutegemea ukungu utokao baharini. Hapo wanaishi Waharasisi, watu wa ngamia na mbuzi, wenye lugha yao wenyewe isiyokuwa Kiarabu.

Mwaka 1962 jumuiya moja ya Uingereza ya kuhifadhi wanyama ilituma msafara kwenda kukamata choroa wachache kabla hawajakwisha. Aliyeuongoza alikuwa Meja Ian Grimwood, naye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya. Walikwenda upande wa mashariki wa himaya ya Aden, wakapata wanne tu, na mmoja akafa. Wale watatu waliletwa kwetu Afrika Mashariki, wakawekwa Isiolo, na mwaka 1963 wakafikishwa Phoenix, Arizona, kwenye hali ya hewa ya jangwa. Akaongezwa mmoja kutoka bustani ya wanyama ya London, mmoja kutoka Kuwait, na wanne wa Mfalme wa Saudia. Jumla tisa. Uamuzi huo ulikuja kwa wakati wake, kwani Oktoba 1972 choroa wa mwisho waliojulikana mwituni waliuawa huko huko Jiddat al-Harasis. Tangu siku hiyo jangwa lilikuwa tupu.

Sultan Qaboos alipotaka kuwarudisha, kazi ilianza kwa watu kabla ya wanyama. Waharasisi wenyewe waliajiriwa kuwa walinzi, na mahali paitwapo Yaluni pakawa kituo. Choroa wa kwanza waliletwa mwaka 1980, wakakaa ndani ya ua ili wazoee nchi na wazoeane wao kwa wao, na tarehe 31 Januari 1982 kundi la kwanza la choroa kumi likafunguliwa mlango. Kundi la pili lilifuata mwaka 1984.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana watu wengi hudhani kuwa hifadhi ni kutoa amri na kuchora ramani. Walinzi wale walikuwa wakiyafuata makundi siku kwa siku kwa kusoma nyayo, na katika kusoma nyayo hakuna anayemshinda Mbedui. Katika miaka ya mwanzo kila mnyama alijulikana, na ndama akizaliwa mama yake alijulikana. Iliandikwa nani amezaa, nani amekufa, kundi limelala wapi, na wamekula mti gani wakati wa ukame. Daftari hilo ndilo lililoonyesha kwamba wanyama waliozaliwa kifungoni nchi za mbali waliweza tena kuifuata mvua kama babu zao. Kufikia Oktoba 1995 walikadiriwa kuwa 280 mwituni, wakitembea katika eneo la kilomita za mraba 16,000.

Mwaka 1994 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi kwa amri ya Sultani, ukubwa wake kilomita za mraba 27,500, na mwaka huo huo UNESCO ikaliingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa zilikuwa nyingi, lakini mpaka haukuwekewa alama ardhini, na mpango wa usimamizi uliotakiwa uandikwe ulichelewa mwaka baada ya mwaka.

Februari 1996 majangili walirudi. Safari hii hawakutaka nyama wala ngozi. Walitaka choroa walio hai, wa kuuzwa nje ya nchi kwa matajiri wenye kufuga wanyama wa fahari majumbani. Nami nasema hivi kwa uchungu, kwani wanunuzi hao hawakuwa watu wa mbali na kibla chetu. Kwa muda hesabu ya jumla ilificha maradhi. Wizi ulikuwa umekwisha kuanza, na bado mnamo Oktoba 1996 choroa walikadiriwa kupindukia kidogo 400, idadi kubwa kuliko yote tangu warudishwe. Mtu aliyesoma tarakimu ile moja tu angelala usingizi mtamu. Lakini wezi walipenda majike, maana jike huzaa. Kufikia Septemba 1998 walibaki 138, na katika hao majike yalikuwa 28 tu. Kundi la namna hiyo huonekana kundi kwa macho, na kumbe limekwisha kufa. Wasimamizi waliamua kuwakamata baadhi ya waliobaki na kuwarudisha uani Yaluni, mahali pale pale walipofunguliwa miaka kumi na sita nyuma.

Walinzi walikuwa wapi? Walikuwapo, na walifanya kazi ya hatari, ila walikuwa wachache katika nchi kubwa kama ile, nao wezi walikuja usiku kwa magari ya mbio. Na liko jambo jingine ambalo wataalamu waliokaa na mabedui wa huko wameliandika. Mipaka ilitangazwa bila ya wenyeji kushauriwa ipasavyo, na kazi na heshima zilizokuja na choroa ziliwafikia zaidi watu wa kabila moja, na majirani zao wenye kudai haki katika malisho yale yale wakaachwa nje. Mimi sisemi kwamba hilo linamhalalishia mtu wizi. Lakini nikilisoma, namkumbuka Umar akikiri kwamba wenyeji wanaona wamedhulumiwa katika nchi yao. Aliyejua hivyo aliweza kumwusia Hunayy namna ya kukaa nao, na asiyejua hushangaa mlinzi anapokosa msaada wa jirani.

Mwisho wa habari hii ulifika mwaka 2007. Petroli ilikuwa imegunduliwa ndani ya eneo, na serikali ikalipunguza kwa asilimia 90, likabaki zaidi kidogo ya kilomita za mraba 2,800. UNESCO ilihesabu kwamba kutoka choroa 450 wa mwaka 1996 walibaki 65, na jozi zenye kuzaa zilikuwa kama nne tu. Katika mkutano wake uliofanyika Christchurch, New Zealand, kamati ikaifuta hifadhi ile katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa mahali popote duniani kufutwa.

Saudia walishika njia nyingine. Huko Mahazat as-Sayd, mashariki ya Taif, walizungushia uzio eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,200 na kuanzia 1990 wakafungulia choroa ndani yake. Bunduki na mbuzi vikabaki nje, majani yakaota, na choroa wakaongezeka. Kisha ukaja ukame. Choroa aliyeumbwa kuifuata mvua alifika kwenye waya akasimama, na katika miaka ya ukame mamia walikufa. Wasimamizi walijifunza kwamba ndani ya uzio lazima wapime majani kila msimu na waiangalie idadi ya wanyama, wapunguze au walishe kabla ya njaa. Maana kwa waya ule mwanadamu amejitwika kazi ambayo jangwa lilikuwa likiifanya lenyewe.

Lakini mbegu ya wale tisa haikupotea. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa choroa wa Arabuni katika daraja la wanyama walio hatarini, akashuka hadi daraja la wanaohofiwa tu. Hakuna mnyama mwingine aliyewahi kwisha mwituni akapanda hivyo kabla yake. Wakati huo walikadiriwa kuwa kama 1,000 mwituni katika nchi mbalimbali za Arabuni na jirani zake.

Na Omani je? Eneo lile sasa huitwa Hifadhi ya Wanyamapori ya Al Wusta. Wale waliokamatwa mwaka 1998 na baada yake walizaa uani, na leo wapo mamia nyuma ya uzio, wachache wakifunguliwa kidogo kidogo kwenye uwanda. Nje ya uzio ukungu wa asubuhi bado unatua juu ya miti ya migunga ya Jiddat al-Harasis, na walinzi wa kibedui bado wanatoka alfajiri kutazama nyayo na kuandika walichokiona.