Dereva Asiyeitwa

Msomaji wangu, ikiwa umepata kusimama kando ya reli pale Ruiru, bila shaka umeona ya kuwa njia ya chuma itokayo Nairobi kwenda Thika ni moja tu. Reli hiyo ilifika Thika mwaka wa 1913, na kanuni yake kubwa haijabadilika tangu siku hiyo: treni mbili zisikutane juu ya sehemu moja ya njia. Moja ikiwa njiani, nyingine hungoja stesheni. Nimeanza na reli kwa sababu jambo nitakalokusimulia ni la namna hiyo hiyo, ingawa halina moshi wala king'ora. Ni habari ya kompyuta na madereva wake. Jinsi madereva hao walivyozoezwa kupanda chomboni bila kuitwa, na jinsi mwenye chombo alivyoachiwa njia ya kumzuia mmoja wao mlangoni.

Mwaka wa 2018 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na mji wa Ruiru. Ofisi moja ya Nairobi, iliyokuwa ikinunua mitambo mipya, ilitupatia kompyuta 12 zilizokwisha tumika. Tulizipokea kwa shangwe, kwani shule ilikuwa na kompyuta tatu tu zilizofanya kazi, na wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliochagua somo hilo walikuwa karibu kuanza kazi ya mradi itakiwayo katika mtihani wa taifa. Kwa kuwa hatukuwa na fedha za kununua programu, tulichagua Linux, ambayo hutolewa bure, tukaziandaa diski moja baada ya nyingine katika kompyuta yetu nzima, kisha tukazirudisha mahali pake. Tukaziwasha. Mistari ya maandishi meupe ilipita mbio kiooni, kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili hivi, halafu kioo kikawa cheusi kama sufuria ya jikoni. Feni zilizunguka, taa ndogo zilimeta, lakini picha haikuonekana. Fundi tuliyemwita kutoka Thika alizitazama, akasema kadi za picha zimekufa zote. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja, akazipima kwa macho, akataja bei yake. Akasema atazichukua Ijumaa.

Nakuomba uziache kompyuta hizo zilipo, nikueleze kwanza mambo yaliyotangulia.

Ndani ya kila kompyuta mna vyombo vingi: diski, kadi ya sauti, kadi ya mtandao, na kadi ya picha, ambayo ndiyo ichoravyo kila kitu ukionacho kiooni. Hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kijuacho kujiendesha. Kila kimoja chahitaji programu yake ya kukiongoza, nayo mafundi huiita dereva. Nami nitamsema dereva huyo kana kwamba ni mtu, maana ndivyo tulivyozoea sote.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na kijana wa Kifini, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye umri wa miaka 21. Aliandika kiini cha mfumo, yaani ile programu ya katikati isimamiayo nyingine zote, akawagawia watu bure ili kila atakaye aisome na kuitengeneza. Hapo mwanzo madereva wote walikuwa wameshonwa ndani ya kiini chenyewe, kama mifuko katika koti. Mtu aliyetaka dereva mpya alilazimika kukiunda kiini chote upya, kazi iliyochukua saa nyingi. Katikati ya miaka ya 1990 ikapatikana njia bora: madereva wakatengwa katika moduli, yaani vipande vinavyoweza kuingizwa na kutolewa hali mtambo ungali unaendelea na kazi.

Walakini dereva aliyetengwa hana budi kuitwa, na nani atamwita? Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilikuwa ya mwenye kompyuta. Aliandika kwa mkono majina ya madereva, na kwa upande wa picha aliandika hata tarakimu za mwendo wa umeme uliofaa kioo chake. Vitabu vya siku zile vilionya ya kuwa aliyekosea tarakimu hizo angeweza kukiharibu kioo cha zamani kisifae tena. Watu wengi walijaribu Linux siku moja wakaiacha siku ya pili, wala siwalaumu.

Ndipo ukatafutwa utaratibu wa kuwaita madereva bila mtu kuandika lolote. Siri yake ni namba. Kila kadi ya kompyuta imechorwa ndani yake namba ya mtengenezaji na namba ya aina yake. Kadi za kampuni ya NVIDIA hubeba 10de. Za Intel hubeba 8086, ambayo waliichagua kwa kukumbuka mtambo wao mashuhuri wa mwaka wa 1978. Babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya katani na kahawa ya Thika na Ruiru baada ya Vita Kuu ya Kwanza walilazimishwa kuvaa kipande shingoni, chenye habari zao zote, na askari yeyote aliweza kuwasimamisha akakisoma. Mfano huu siupendi, kwa kuwa kadi haina uchungu na mtu anao. Lakini hakuna mfano mwingine uonyeshao vizuri hivyo jinsi chombo kisomwavyo mlangoni kabla ya kuulizwa neno. Mnamo mwaka wa 2003 ilitokea programu iitwayo udev, ambayo hatimaye ilipewa ubawabu huo. Kompyuta inapowashwa, namba za vyombo vyote husomwa, na kila dereva aliyejiandikisha kuwa aijua namba fulani huingizwa papo hapo. Mwenye kompyuta haulizwi.

Mambo yalikwenda vizuri, nayo Linux ikaenea. Lakini pale kwenye kadi za picha palikuwa na taabu iliyokuwa ikiiva polepole.

Kampuni ya NVIDIA, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1993, ilitoa dereva wake kwa ajili ya Linux, ila ilificha maandishi yake. Uliweza kumtumia, kumsoma hukuweza. Kundi la mafundi wa kujitolea, wakiongozwa hapo mwanzo na Mfaransa Stéphane Marchesin, wakaazimu kuandika dereva mwingine ambaye kila mtu angeweza kumsoma. Hawakupewa mwongozo wowote. Iliwapasa kumtazama dereva wa kampuni akifanya kazi, waandike kila amri aliyoipeleka kwenye kadi, kisha wabahatishe maana yake, kama mtu ajifunzaye mapishi kwa kuchungulia dirishani. Dereva wao akaitwa nouveau, neno la Kifaransa lenye maana ya mpya. Husimuliwa kwamba jina hilo halikuchaguliwa na mtu: Marchesin alipoandika herufi nv katika mazungumzo yao, kompyuta yake ilizigeuza zenyewe kuwa neno hilo.

Mwaka wa 2009 kiini cha Linux kikapewa uwezo wa kukitawala kioo chenyewe tangu dakika za mwanzo za kuwaka, kazi ambayo zamani ilifanywa baadaye na programu nyingine. Na katika mwezi wa Februari wa mwaka wa 2010 nouveau akaingizwa katika kiini, toleo la 2.6.33. Zitazame hatua hizo mbili pamoja, msomaji. Dereva aliyejifunza kwa kuchungulia, na ambaye kadi nyingine alizijua vizuri na nyingine kwa kubahatisha, sasa aliitwa mapema kabisa na kukabidhiwa kioo kabla mtu hajapata nafasi ya kusema neno. Kadi ikiwa katika zile alizozijua, picha ilikuja safi. Ikiwa si hivyo, kioo kilizimika, na mwenye kompyuta akadhani chombo kimekufa.

Tena ile kanuni ya reli ikajitokeza. Kadi ni moja, na madereva wawili hawawezi kuishika kwa wakati mmoja. Mtu aliyetaka kumweka dereva wa kampuni alimkuta nouveau amekwisha keti, na programu ya kampuni ikakataa kuendelea mpaka huyo wa kwanza aondolewe. Kwa hiyo mafundi wakaigeukia njia iliyokuwapo tangu zamani katika Linux: faili fupi, katika saraka iitwayo /etc/modprobe.d, yenye mstari mmoja, «blacklist nouveau». Neno lile la kwanza ni la Kiingereza, na maana yake ni kumtia mtu katika orodha ya waliokatazwa.

Hapa palitupoteza sisi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mstari huo haumfukuzi dereva. Waziba sikio tu, asisikie namba ya kadi inapotangazwa mlangoni. Programu nyingine ikimwita kwa jina lake atakuja, hata akiwa katika orodha, na ziko programu za picha zimwitazo kwa jina. Kwa sababu hiyo mafundi huongeza mstari wa pili, «options nouveau modeset=0», unaomwambia: ukija, kioo usikiguse.

Basi turudi Ruiru. Siku ya Jumanne jioni alifika kijana tuliyepata kumfundisha, aliyekuwa akisoma Juja, kati ya Ruiru na Thika, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kile kilichofungua milango mwaka wa 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994. Alikuja kusalimu tu. Alipoona kompyuta zimepangwa ukutani kama maiti aliomba kuwasha moja. Kabla ya mistari meupe kupita alibonyeza herufi e, orodha ya amri za kuwasha ikafunguka, naye akaongeza mwishoni mwa mstari mmoja neno «nomodeset». Akaiacha iendelee. Picha ikaja! Ilikuwa kubwa kubwa na nzito kidogo, lakini ilikuwa picha. Wanafunzi waliokuwa mlangoni walipiga kelele hata mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano asubuhi niliiwasha kompyuta ile ile mbele ya darasa, na kioo kikawa cheusi. Kijana alikuwa amekwisha rudi Juja. Nilipompigia simu alicheka, akaniambia, «Mwalimu, neno lile hudumu kwa kuwaka kwa mara moja tu, halikuandikwa popote.» Akanitajia faili na mistari yake miwili, nami nikaiandika kwa makini jioni hiyo, herufi kwa herufi. Alhamisi asubuhi kioo kikawa cheusi tena. Nilikaa nikiitazama ile sura yangu kiooni, nikifikiri juu ya mnunuzi wa vyuma.

Kosa halikuwa katika faili. Linux inapoamka, kabla hata ya kuifungua diski, hubeba mkoba mdogo wenye madereva wachache wa lazima, kama msafiri abebavyo masurufu ya njiani. Ndani ya mkoba huo mna nakala ya orodha ya waliokatazwa, nayo ndiyo isomwayo kwanza. Mimi niliandika orodha nyumbani, lakini mkoba ulikuwa umefungwa zamani. Ilibidi ufungwe upya, kwa amri moja, «update-initramfs -u». Aliyeligundua jambo hilo hakuwa mimi, bali msichana wa Kidato cha Tatu aliyesoma mwongozo mpaka ukurasa ambao mimi sikuufikia. Tulitoa amri, tukazima, tukawasha. Picha ikaja; tukazima tena, tukawasha tena, ikaja.

Alhamisi hiyo hatukwenda nyumbani mapema. Kufikia saa mbili usiku kompyuta 11 zilikuwa zikifanya kazi. Ya kumi na mbili kadi yake ilikuwa imekufa kweli, na fundi wa Thika alisema kweli juu ya hiyo moja. Ijumaa mnunuzi aliondoka nayo peke yake, akinung'unika. Sitakuficha ya kuwa tulipoteza kitu: bila dereva wa kweli, filamu zilikwenda kwa kukwama kwama, na michoro mizito haikuwezekana. Dereva wa kampuni hatukumweka, kwa kuwa kadi zetu zilikuwa za zamani mno. Lakini mradi wa mtihani hauhitaji filamu.

Ugomvi wa madereva haukuishia hapo. Kabla ya hayo yetu, mwaka wa 2012, Torvalds mwenyewe aliilaumu NVIDIA hadharani nchini Finland kwa maneno ambayo kitabu cha shule hakiyachapishi. Mwezi wa Mei, mwaka wa 2022, kampuni ikatoa hadharani maandishi ya ile sehemu ya dereva wake ikaayo ndani ya kiini, kwa ajili ya kadi zake mpya. Kadi kama zetu hazimo. Na mwaka wa 2025 msingi wa dereva mwingine wa wazi, aitwaye Nova, ukaingizwa katika kiini, akikusudiwa kumrithi nouveau kwenye kadi hizo mpya.

Katika faili ya namna ile, mstari unaoanza na alama ya # hausomwi na kompyuta. Ni wa watu tu. Yule msichana aliuliza kama aweza kuandika mmoja, nikamruhusu. Kabla sijaihama shule nilifungua faili kuutazama. Ulisema hivi: # Amezuiwa na Kidato cha Tatu, 2018. Msimfute, huenda akajifunza.