Monokoli: neno la chongo usoni mwa bwana mkubwa

Bwana mkubwa wa Ulaya katika vibonzo vya mwishoni mwa karne ya 19 hutambulika kwa kioo kimoja cha duara, kimebanwa kati ya nyusi na shavu, uzi ukining'inia. Wafaransa walikiita monocle. Waingereza wakaliazima neno hilo katikati ya karne. Mimi naandika monokoli, ingawa wengi watapendelea miwani ya jicho moja. (Kutafuta umoja wa miwani hakutusaidii: mwani tunao, lakini ni ule wa baharini.)

Neno lenyewe ni chotara. Monos ni Kigiriki, yaani moja au peke yake. Oculus ni Kilatini, jicho. Mgiriki halisi angesema monophthalmos. Kilatini cha zama za mwisho kikaunda monoculus, na maana yake haikuwa kifaa chochote: ni mtu mwenye chongo. Kifaransa cha kale nacho kilitumia monocle kwa maana hiyo hiyo, karne nyingi kabla ya kioo.

Wahenga walisema apendaye chongo huita kengeza. Hapa mambo yalizidi, maana jina la kilema liligeuka pambo la watawala. Kwa maoni yangu, kilicholisafisha neno hili ni cheo cha wavaaji wake.

Mmoja wao anatuhusu. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza kuanzia 1895 hadi 1903, alichorwa daima na monokoli jichoni na ua la okidi kifuani. Mwishoni mwa 1902 alipita Mombasa na kusafiri kwa reli mpya iliyokwenda ziwani. Mwaka uliofuata serikali yake ikampa Theodor Herzl pendekezo la makazi ya Wayahudi katika nyanda za Uasin Gishu. Wanandi, waliolisha mifugo upande ule, hawakuulizwa. Kongamano la Wazayuni lililikataa pendekezo hilo mwaka 1905, huko Basel.

Jina la mpango huo nalo lina chongo lake. Uliitwa, na ungali unaitwa, Mpango wa Uganda, ilhali tangu Aprili 1902 nyanda hizo zilikuwa zimehamishiwa upande wa himaya ambayo leo ni Kenya. Kila mwaka nasahihisha karatasi za mtihani zinazosema Wayahudi waliahidiwa Kampala.