Intaneti ya haraka vijijini: kwa nini reseau ni polepole, na kijiji kinaweza kufanya nini

Katika vijiji vingi vya mashariki mwa Congo, mtu anapanda mlima na telefone mkononi ili apate reseau. Akiipata, picha moja inachukua muda mrefu kutoka, na mega zinaisha mbele ya kazi kumalizika. Zamani hilo lilikuwa shida ya wenye kutaka kupiga soga. Leo mwanafunzi anaandikishwa universite kupitia intaneti, muuguzi anatuma ripoti ya wagonjwa kila juma, na mkulima wa kahawa anauliza bei mbele ya kushusha mzigo mjini. Asiyekuwa na njia analipa mtumbwi ama moto kwa kazi ya dakika mbili.

Polepole inatoka wapi?

Antene ya kampuni ya simu haitengenezi intaneti. Inaipokea kutoka mbali na kuigawa. Kwa upande wa magharibi, Congo imeungwa na kabo ya baharini WACS, inayofika Muanda na iliyozinduliwa mwaka 2013. Miji ya mashariki inategemea sana fibra zinazopita nchi jirani kutoka bahari ya Hindi. Kutoka mjini mpaka kijijini, mara nyingi intaneti inarushwa kwa redio, kutoka antene moja mpaka ingine. Njia hiyo ikiwa nyembamba, telefone itaonyesha vijiti vyote na ukurasa hautafunguka.

Sababu ya pili ni aina ya reseau. Herufi E juu ya telefone ni teknolojia ya 2G: inatosha kwa ujumbe, lakini video haiwezi. H ni 3G. 4G ndiyo ya haraka, lakini inataka antene yenye kuibeba na telefone yenye kuipokea.

Sababu ya tatu ni wingi wa watu. Njia ya megabiti 20 kwa sekunde, watu 20 wakivuta video kwa pamoja, kila mmoja anabakia karibu na megabiti moja. Ndiyo maana saa kumi za usiku reseau inakimbia, na saa moja ya jioni inakufa.

Mfano wa Idjwi

Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu, na ni teritware ya jimbo la Kivu ya Kusini. Kwa miaka mingi, wakaaji walivuka maji kwa kutafuta huduma nyingi. Mwaka 2016 ulijulikana mpango wenye jina Pamoja Net. Shirika Ensemble Pour la Différence liliuanzisha, na mwami wa kisiwa aliuunga mkono. Intaneti ililetwa kwa redio kutoka ng'ambo ya ziwa, kisha ikagawiwa kwa wifi katika kibanda karibu na soko.

Fundisho la Idjwi ni hili: badala ya kila mtu kununua mega zake ndogo, wengi wanatumia njia moja nzuri. Lakini njia ya pamoja inazaa ulizo jipya: nani anapita mbele? Kituo cha afya kikingoja sababu vijana wanaangalia mpira, mpango umekosea hata kama intaneti inakimbia.

Njia ambazo kijiji kinaweza kuchagua

*Kusogeza reseau iliyopo.* Kama 4G inafika mlimani lakini haishuki bondeni, modem yenye antene ya nje juu ya mti mrefu inaweza kusaidia. Ndiyo njia ya bei ndogo. Kwanza mtu azunguke na telefone na kuandika ni wapi na saa gani inashika vizuri.

*Redio kutoka mjini.* Antene mbili zinazoonana, bila mlima wala miti katikati, zinaweza kubeba intaneti kilomita nyingi. Anatakiwa fundi, na mahali pa juu penye ulinzi.

*Satelaiti.* Satelaiti za zamani ziko karibu kilomita 36.000 juu ya dunia, kwa hiyo sauti inachelewa. Za Starlink zinazunguka karibu kilomita 550, na jibu linarudi haraka. Serikali ilikataza Starlink mwaka 2024. Mwaka 2025 ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliipa leseni.

Moto wa umeme usisahauliwe

Kifaa cha kawaida cha Starlink kinakula karibu wati 75 mpaka 100. Kikiwaka saa sita kwa siku, ni wati-saa 450 mpaka 600. Pano moja ya wati 200, kwa saa nne za jua kali, inatoa karibu 800, na sehemu inapotea njiani. Wakati wa mvua haitoshi. Bila batri nzuri, intaneti italala pamoja na jua.

Komite mbele ya kifaa

Mipango mingi inaanguka kifaa kikiharibika na hakuna pesa ya kukitengeneza. Mbele ya kununua, wakaaji wapatane juu ya haya:

- nani anashika funguo na daftari ya pesa, na nani anamkagua;
- kila shule, kituo cha afya na duka watalipa ngapi kwa mwezi;
- sehemu gani ya pesa inawekwa kando kwa batri mpya;
- saa gani ni za kazi, na saa gani video inaruhusiwa.

Kama komite inataka kuuzia wengine intaneti, iulize kwanza ARPTC na kampuni inayoiuzia. Sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 novemba 2020 ndiyo inayoongoza mawasiliano nchini, na inatambua pia huduma kwa wote, maana yake reseau ifike hata pale ambapo kampuni haioni faida. Kwa hiyo barua ya kijiji kwa kampuni na kwa mamlaka, yenye hesabu ya wakaaji, shule na vituo vya afya, si kuomba sadaka.